Limbu, Mwimbishaji wa Genge Namba Kumi na Moja

Reli haisukumwi na mtu mmoja. Hilo nalisema mapema, maana wako watu wa ofisini ambao reli wameiona wakiwa ndani ya behewa tu, wanakunywa chai, na wanadhani ilivyolazwa ndivyo italala hapo mpaka kiama. Hailali. Mvua ikipiga wiki mbili, udongo ukalewa maji, reli inahama. Inahama vidole viwili, vitatu, na kwenye kona hata kiganja kizima. Basi mnaitwa ninyi watu wanane, kila mtu na mtaimbo wake, mnaingiza ncha chini ya chuma, mnasukuma wote kwa mara moja. Saba wakisukuma na wa nane akakohoa, reli inarudi ilikokuwa na ninyi mnabaki mnahema.

Ndiyo maana kila genge lilikuwa na mwimbishaji. Anaimba, mnaitikia, mnasukuma. Genge letu, Namba Kumi na Moja, upande wa Usangu, mwimbishaji alikuwa Limbu.

Limbu alikuwa Msukuma wa Maswa. Alishuka huku kwetu na ng'ombe, yeye na mkewe Mbuke, kama walivyoshuka Wasukuma wengi kutafuta malisho. Mwaka wa pili ng'ombe wakashikwa na ugonjwa, wakaisha wote. Mtu anayefuga akibaki hana ng'ombe, sijui nimfananishe na nini. Yeye alikuja kambini kwetu na fimbo yake ya kuchungia, akamwuliza nyapara kama kuna kazi. Nyapara wetu, bwana Othmani, mtu wa Iringa mjini, baba yake alitoka pwani kuja kuuza vitambaa, akamwangalia mikono, akamwuliza, "Unaweza nini?"

"Kulima na kuimba," Limbu akasema.

"Hapa hatulimi."

"Basi nitaimba."

Tulicheka wiki nzima. Lakini alipofungua mdomo tuliacha kucheka. Kwao alikuwa anaongoza vijana kwenye kulima, mistari ya watu ishirini na majembe yanapanda na kushuka kama mkono mmoja. Sauti yake ilikuwa inakuingia kwenye mabega kabla haijafika masikioni. Miaka miwili tulisukuma reli kwa nyimbo za Kisukuma ambazo hakuna aliyejua maana yake. Asukile, Mnyakyusa wetu, mtu wa mdomo, alikuwa anasema huenda tunajitukana wenyewe kila siku na kuitikia. Inawezekana. Kazi ilikwenda.

Februari ya mwaka sabini na nane Mbuke akaumwa tumbo. Siku mbili. Siku ya tatu asubuhi tukawa tunachimba kaburi.

Limbu hakulia. Sisi watu wa Iringa tunajua kulia, hata kwa jirani tusiyempenda, kwa hiyo tulimsubiri. Hakulia. Alipewa ruhusa ya siku tatu, akakaa siku tatu, ya nne akachukua mtaimbo wake akaja kwenye reli. Akasimama mahali pake, wa kwanza upande wa kulia. Mimi nilikuwa wa nne upande huohuo, namwona mgongo. Bwana Othmani akasema, "Haya, mzee Limbu." Limbu akainamisha mtaimbo. Tukasubiri wimbo. Ndege wakalia, nzi wakalia.

"Mzee Limbu," nyapara akarudia.

"Ndiyo."

"Tunakusubiri wewe."

"Ndiyo," akasema, akasukuma peke yake.

Hakugoma, nataka mwelewe. Hakulewa wala hakugombana na mtu. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia uji huu hauna sukari, anasema haya. Siku moja Asukile alimwekea chumvi kwenye chai, kumjaribu tu, akanywa kikombe chote na kusema asante. Asukile hakucheka. Alikwenda kuosha kikombe mwenyewe, na huyo hakuwa mtu wa kuosha kikombe.

Mnaweza kuuliza, si mngeimba wenyewe? Tuliimba. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Asukile alikuwa wa kwanza kujitolea. Akaimba wimbo wa kwao Tukuyu, mzuri, una mwendo. Lakini wimbo wa Kinyakyusa ule, nguvu inakaa pale mwimbishaji anapoanza mstari. Sisi wa Iringa nyimbo zetu za kazi, nguvu inakaa mwisho, mguu ukigonga chini. Asukile akaanza mstari, yeye na wenzake wawili wa kwao wakasukuma. Mstari ukaisha, sisi wanne tukasukuma. Limbu akasukuma wakati wake mwenyewe, anaoujua yeye. Reli ikatetemeka kidogo ikatulia.

"Ninyi Wahehe mmechelewa!" Asukile akapiga kelele.

Fanueli, ndugu yangu wa Nyololo, mtu mpole ila akitukanwa kabila anavimba, akajibu, "Tumechelewa nini? Wewe ndiye umewahi. Unasukuma kabla hujaambiwa, kama mtu anayeingia msalani hajabisha hodi!"

"Basi imba wewe."

Fanueli akaimba. Mambo yakawa yaleyale, kinyume chake.

Mtaniuliza tena, si mngeimba nyimbo za Limbu, mlizozizoea miaka miwili? Asukile alizijua, mpaka pale mwenyewe anapokohoa katikati. Lakini wimbo ni wa mtu, na mwenyewe amesimama pale amenyamaza. Kumchukulia ni sawasawa na kumvua shati akiwa amelivaa. Hakuna aliyesema hivyo. Ila hakuna aliyeuimba.

Machi mvua zikaja na hasira zote. Kona yetu kubwa ikahama kiganja kizima, gari moshi likawekewa amri ya kupita mwendo wa miguu. Abiria wakawa wanashuka, wanatembea pembeni, wananunua mahindi ya kuchoma, wanapanda tena. Watoto wa pale walifurahi sana. Ofisi yetu ya reli kule Iyunga haikufurahi. Bwana Othmani akaitwa.

Alirudi baada ya siku nne na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya semina. Huko Iyunga walikusanywa manyapara wote wakafundishwa somo linaitwa Ushirikiano wa Wafanyakazi Kazini. Kulikuwa na ubao na mwalimu mwenye suti. Bwana Othmani alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi, basi jioni akatuweka kwenye mataruma ya akiba, yale yanayolazwa chini ya chuma, akatusomea.

"Kwanza. Kila mfanyakazi ajue lengo la kikundi."

"Lengo ni reli inyooke, nyapara," Asukile akasema. "Hata mbuzi wa hapa wanalijua."

"Nyamaza. Pili. Wafanyakazi washirikishwe katika kuamua."

"Hapo sawa," akasema Fanueli. "Tushirikishwe."

"Tatu. Kiongozi asikilize matatizo ya kila mmoja."

Wote tukamwangalia Limbu. Limbu alikuwa anaangalia karatasi, lakini upande wa nyuma, usioandikwa.

Tukashirikishwa. Tukapiga kura ya kuchagua mwimbishaji mpya. Upande wa Tukuyu ikanyanyuka mikono minne kumpa Asukile. Wa Iringa wanne tukampa Fanueli. Lakini hapo tupo wanane tu, na Limbu hajanyanyua mkono! Bwana Othmani akahesabu mara tatu, akagundua Asukile amenyanyua mikono yote miwili. Akavunja mkutano.

Usiku ule hakulala, nadhani, maana asubuhi macho yalikuwa mekundu. Akaniita pembeni, mimi kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la nne, nimsaidie kusoma karatasi ya pili vizuri asije akakosea. Ilikuwa fupi. Mkaguzi anapita Ijumaa. Kona iwe imenyooka. Na kama genge lina mfanyakazi asiyeweza kazi, nyapara aandike jina lake hapo chini, kwenye mstari, aachishwe aletwe mwingine.

"Wanajua habari za Limbu," nikasema.

"Nani asiyejua? Manyapara wenzangu walinicheka mbele ya mwalimu. Wananiuliza, Othmani, yule kinanda wako ameharibika?" Akakunja karatasi. "Nikiandika jina, anatoka kazini na anatoka kwenye nyumba ya kambi. Ataenda wapi? Ng'ombe hana, mke hana. Nisipoandika, na kona haijanyooka, wataandika wao jina lake, na langu juu yake."

"Leo Jumatatu."

"Najua leo ni nini."

Alikwenda kumwambia Limbu mwenyewe, ana kwa ana, maana bwana Othmani hakuwa mtu wa kumzunguka mtu. Mimi nilikuwa karibu, natoa tope kwenye viatu.

"Mzee Limbu, Ijumaa mkaguzi anakuja. Kona isipokaa sawa, nitalazimika kukuandika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Huna la kusema?"

Limbu akafikiri kweli. Ulimwona anatafuta. "Nitafunga mlango nikitoka," akasema.

Bwana Othmani akaondoka.

Jumanne nyapara alijaribu filimbi. Alikuwa nayo ya kuzuia gari. Akasema, wimbo basi, nikipuliza mnasukuma. Ni kweli filimbi haina kabila. Lakini wengine walisukuma filimbi ikianza, wengine ikiisha, na wengine waliposhtuka. Filimbi inakushtua tu, mwili haujajiandaa. Mara ya sita au ya saba, upande wa Asukile wakasukuma mapema, chuma kikapanda, sisi tukawa ndiyo kwanza tunaingiza ncha, mtaimbo wa Asukile ukateleza ukaruka ukamwangukia Fanueli mguuni. Tulisikia kidole kinavunjika. Ni sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

Fanueli alikaa chini, akavua kiatu, akaangalia. Asukile alipiga magoti mbele yake.

"Mwe! Kaka, samahani. Nilisikia filimbi."

"Hata mimi nilisikia," Fanueli akasema. Hakumtukana. Ningefurahi kama angemtukana.

Limbu alikuwa amesimama palepale. Akaangalia kile kidole. Akavua kitambaa alichokuwa amefunga kichwani, akakifunga kwenye mguu wa Fanueli, akakaza kama anavyofungwa ndama aliyevunjika mguu, akarudi mahali pake akashika mtaimbo. Fanueli akaazima mtaimbo mfupi, akasema atasukuma kwa mguu mmoja, kwani tukiwa saba, hata kufikiri kuisogeza tuache. Nyapara akamkatalia. Fanueli akasukuma.

Jumatano ilinyesha, hatukufanya kitu.

Alhamisi asubuhi kona ilikuwa bado kiganja kizima kasoro vidole viwili. Bwana Othmani alikuwa na karatasi kwenye mfuko wa shati, na kalamu juu yake, ili asitafute. Tukajipanga. Asukile hakujitolea kuimba. Fanueli hakujitolea. Filimbi ilikuwa imeachwa kambini. Tulisimama tu watu wanane, tumeinama, ncha ziko chini ya reli, hakuna anayejua aanze nini. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mgongo ulianza kuuma.

Ndipo Limbu akasema, "Maswa."

Alisema tu. Sauti ile haikuwa ya kuimba, ilikuwa ya mtu anayemjibu karani alikozaliwa. Halafu akanyamaza, kama mtu anayekwenda kutoka hapa mpaka pale. Halafu, "Shinyanga." Akanyamaza urefu uleule. Na ndani ya ule ukimya, nikamwona mgongo wake unakaza. Anasukuma.

"Tinde," akasema. Kimya. Mgongo ukakaza. Safari hii nikakaza na mimi.

"Huyu anaita vituo vya basi?" Asukile akanong'ona.

"Sukuma wewe," Fanueli akasema.

"Nzega."

Kimya. Wote wanane. Reli ikalia, ule mlio wake mfupi wa chuma juu ya kokoto, ikasogea.

Sikilizeni jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Hakuna wimbo, hakuna kuitikia. Hapakuwa na mwanzo wa mstari wa Wanyakyusa wala mwisho wa mstari wa Wahehe wa kugombania. Lilikuwepo jina, halafu palikuwa na nafasi tupu, na nafasi tupu hiyo ilikuwa urefu mmoja kila mara. Kila mtu aliingia humo.

"Tabora." Tukasukuma. "Sikonge." Tukasukuma. "Ipole. Rungwa. Lupa." Kila jina na nafasi yake. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Makongolosi. Chunya. Utengule." Mvua ndogo ilianza, hakuna aliyeangalia juu. "Igawa."

Tukasukuma ya Igawa, tukasubiri. Hakusema kingine. Tukabaki tumeinama tunasubiri, maji yanaingia shingoni.

"Mzee Limbu," nyapara akasema taratibu. "Endelea."

"Imeisha. Ni hapo tulipofika."

Hapo ndipo wengi tulipoelewa. Ni njia waliyopita na ng'ombe, yeye na Mbuke, miezi mitano kwa miguu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumesogeza reli vidole vitatu, zaidi ya wiki tatu zote zilizopita, na kona ilikuwa bado.

Asukile ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayoombea chumvi. "Basi rudi ulikotoka, Msukuma. Sisi tunakufuata."

Niliogopa. Nilidhani Limbu atatupa mtaimbo aondoke, na angekuwa na haki. Akafuta maji usoni.

"Igawa," akasema. Nafasi. "Utengule." Nafasi. "Chunya."

Siku ile tulikwenda Maswa na kurudi mara nyingi, sikuhesabu. Mchana hatukupumzika. Fanueli alikuwa anaruka kwa mguu mmoja kutoka taruma hadi taruma. Abiria wa gari la saa nane walishuka kutembea kama kawaida yao, wakatukuta tumeinama mvuani, mtu mmoja anataja miji kama anasoma tangazo la vifo redioni, na wengine hawajibu. Mama mmoja alimwuliza mwenzake kama sisi ni wafungwa. Jua lilipokuwa linazama nyapara akalala kifudifudi, akaangalia mstari wa reli kwa jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka tumbo lote lilikuwa tope.

"Imekaa," akasema.

Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tumechoka, na tulikuwa tumetembea mbali.

Ijumaa mkaguzi akaja na kiberenge. Akapita kwenye kona polepole, akarudi nyuma, akapita tena kwa kasi. Akashuka na kipimo chake. Akapima, akaandika, akapima tena. Halafu akamwuliza bwana Othmani, "Nasikia una mfanyakazi hawezi kazi."

"Nani amesema?"

"Iyunga wanasema mwimbishaji wako ameacha kuimba."

"Ni kweli, haimbi," bwana Othmani akasema. "Wewe ulipima wimbo au ulipima reli?"

Mkaguzi alimwangalia, na sisi tukaangaliana, maana nyapara wetu hakuwahi kumjibu mkubwa hivyo tangu azaliwe. Mkaguzi akanyoosha mkono. Bwana Othmani akampa karatasi. Ule mstari wa chini ulikuwa mtupu. Mkaguzi akauangalia mstari, akaikunja karatasi, akaiweka kwenye begi lake, akapanda kiberenge. Mchana wakaja kung'oa ubao wa mwendo wa miguu. Watoto wa mahindi walihuzunika.

Jioni nyapara akamfuata Limbu nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi, mimi na Asukile tuko nje, tunajifanya tunatafuta kuni.

"Unabaki, mzee Limbu."

"Haya."

"Kazini na nyumbani. Hakuna atakayekuondoa."

"Haya, bwana Othmani. Asante."

"Haya tu?"

Limbu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Nikisema zaidi nitakuwa nadanganya," akasema. "Kesho tunaanzia wapi?"

"Kesho ni pale kwenye daraja dogo."

"Pana kokoto nyingi pale. Mwambie Fanueli asije, mguu upone."

Bwana Othmani akatoka. Alipotupita, akasimama, akafanya kama anatukemea kwa kuzurura, akaenda zake.

Limbu alikaa kwenye genge miaka mingine, mpaka mgongo ulipokataa. Hakuimba tena. Watu wa magenge mengine walikuwa wanatutania, wanatuita Genge la Ramani. Kona ambayo wao walihitaji siku tatu, sisi tulikuwa tunainyoosha kwa siku moja, basi hatukuwajibu. Kila kijana mpya aliyeletwa, siku ya kwanza alikuwa anauliza atasukuma lini, kwa sababu hasikii wimbo. Asukile ndiye alikuwa anawafundisha. Anamshika kijana begani, anamweka mahali pake, anamwambia: sikiliza jina, halafu akishanyamaza, usimwache peke yake humo.